Gazeti Lililosomwa Kutoka Nyuma

Bibi hakuwa akilifungua gazeti kama watu wengine. Asubuhi akishalitoa kwenye kisanduku cha barua kule chini mlangoni, alipanda nalo ngazi pole pole mpaka ghorofa ya tatu, akalilaza kifudifudi juu ya meza ya jikoni, akaanza na ukurasa wa mwisho. Kwanza tanzia: nani kafariki, na umri gani, kaacha nani, anazikwa siku gani na saa ngapi. Kisha matangazo madogo madogo: huyu anauza kitanda cha mtoto, yule anatafuta matairi ya Trabant, mjane asiyevuta sigara anatafuta mwenzake wa kutembea naye Jumapili. Halafu sinema, halafu mpira. Mpaka afike ukurasa wa kwanza, penye picha ya wakubwa wakipeana mikono, kahawa yake ilikuwa imeshakwisha. Picha ile aliitazama kama unavyoitazama saa ya ukutani, akalikunja gazeti mara nne na kulitia ndani ya kapu la makaa kando ya jiko, tayari kwa kuwashia moto jioni.

Hilo lilikuwa Leipziger Volkszeitung, Gazeti la Umma la Leipzig, katika mwaka 1988. Nami nilikuwa kijana wa Kikwajuni, Unguja, niliyekuja Ujerumani Mashariki kujifunza kazi ya upigaji chapa.

Mtu wa Kikwajuni haendi Ujerumani kama mgeni kabisa. Nimekulia katika nyumba zile za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na mtaani kwetu mpaka leo ukisema nyumba za Wajerumani hakuna anayeuliza zipi. Mama aliposikia nimechaguliwa aliniambia, "Nenda, mwanangu. Waliotujengea watakupokea." Nilishuka Leipzig Septemba 1987, katika stesheni yenye njia 26 za treni zilizopangwa bega kwa bega chini ya mapaa makubwa ya vioo vilivyofifia kwa moshi. Nje palinuka makaa. Harufu ile ya makaa ya kahawia, kali na yenye utamu kidogo kama kitu kilichoungua ndani ya chungu, ndiyo Leipzig yangu. Nikiikumbuka harufu hata leo naona taa za tramu zikitokea kwenye ukungu.

Kijerumani tulifundishwa Herder-Institut, katika mtaa uitwao Lumumbastraße. Hebu fikiria: umetoka Afrika, baridi inakung'ata masikio, lugha huijui, halafu unainua macho kwenye kibao cha mtaa unaona jina la Patrice Lumumba. Wanafunzi wa Kongo walikuwa wakipita pale wanapunguza mwendo. Mwalimu wetu alitupa agizo moja tu nje ya vitabu: kila siku mnunue gazeti la mji, bei yake pfennig 15, na kila mmoja aje ameelewa habari moja. Tukateseka. Sentensi za gazeti lile zilikuwa ndefu kama foleni, na kitenzi kimewekwa mwisho kabisa, kiasi kwamba ukikifikia umeshasahau nani alikuwa akitenda. Lakini namna gazeti lenyewe lilivyosema haikunishangaza. Chini ya jina lake palikuwa na mstari ulioeleza kwamba ni chombo cha uongozi wa chama tawala cha SED katika mkoa wa Leipzig, na kwetu nako tulikuwa na Uhuru, gazeti la chama. Nilishajua kwamba katika gazeti la chama ukurasa wa kwanza ni wa chama, na maisha yanaanzia mbele zaidi.

Nilimjua Bibi wakati wa Krismasi ya mwaka ule, familia zilipowaalika wanafunzi wa nje wasibaki bwenini peke yao. Binti yake ndiye aliyenialika. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye umri wa miaka 78, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliniuliza swali moja: je, naweza kubeba makaa? Basi kila Jumamosi nikawa nakwenda Lindenau, upande wa magharibi wa mji, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, kumpandishia ndoo mbili za matofali ya makaa kutoka stoo ya chini. Malipo yangu yalikuwa kahawa, kipande cha keki, na somo la gazeti. Nilimwita Oma, kama wajukuu zake walivyomwita, maana yake ndiyo hiyo hiyo bibi.

Siku ya kwanza niliyomwona akianza na tanzia nilicheka, akanitazama kwa mshangao. Nikamweleza kwamba nyumbani mama yangu hufanya hivyo hivyo na redio. Sauti ya Tanzania Zanzibar inapofikia matangazo ya vifo, watoto wananyamazishwa, sufuria zinaachwa, mpaka msomaji amalize nani kafariki, wapi maiti iliko na saa ngapi wanazika. Taarifa nyingine zote mama huziacha zipite. Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Mama yako anajua kusoma gazeti," akasema.

Ilinichukua muda kutambua kwamba mwanamke huyu, aliyewashia jiko ukurasa wa kwanza kila jioni, alilipenda gazeti lile kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akipenda gazeti.

Baba yake alikuwa mpangaji herufi, mfanyakazi wa chapa katika mji ambao chapa ilikuwa damu yake. Hili nililisikia shuleni na kwake pia, na wote walilisema kwa fahari ile ile: Leipzig ndiko Timotheus Ritzsch alikoanza mwaka 1650 kuchapa gazeti siku sita kwa wiki, na wanahistoria wengi wanalihesabu kuwa gazeti la kwanza la kila siku duniani. Lakini baba wa Bibi hakujali sana hayo ya kale. Lake lilikuwa hili hili Leipziger Volkszeitung, lililotoka mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1894, gazeti la chama cha wafanyakazi, chini ya mhariri mkuu Bruno Schoenlank. Miaka minne tu kabla yake ile sheria ya Kansela Bismarck ya kuwazuia wasoshalisti ilikuwa bado inafanya kazi. Schoenlank hakutaka karatasi ya matangazo ya mikutano. Alitaka gazeti kamili, ambalo mtu aliyesimama kutwa mbele ya mashine angeweza jioni kusoma humo siasa, vitabu na mambo ya dunia bila kudharauliwa.

Na waandishi waliopita pale! Rosa Luxemburg, msichana wa Kipoland, Myahudi, mwenye shahada ya udaktari kutoka Zürich akiwa bado hajafika miaka thelathini, alichapisha humo mwaka 1898 na 1899 mfululizo wa makala kuhusu mageuzi na mapinduzi, makala yaliyokuja kuwa kitabu kinachosomwa mpaka leo. Baadaye akawa mmoja wa wahariri. Mwaka 1911 aliandika humo dhidi ya Ujerumani kujitia katika mambo ya Moroko. Franz Mehring, mwanahistoria mwenye kalamu kali, alikuwa mhariri mkuu tangu 1902 mpaka 1907. Kwa miaka ile gazeti hili la mkoa lilisomwa na wasoshalisti wa Ulaya nzima, likigombana na wenziwe wa chama kile kile walioanza kulegea. Mimi niliyetoka katika kisiwa ambacho neno mapinduzi limeandikwa kwenye kila ofisi nilishangaa kuona watu waliwahi kubishana juu ya neno hilo gazetini, wiki baada ya wiki, kwa hoja.

Gazeti lilipigwa marufuku mwaka 1933, baada ya Hitler kushika madaraka. Hapa Bibi alikuwa hasimulii mambo ya kitabuni tena. Wakati huo alikuwa na miaka 24. Baba yake alikuwa na nakala za miaka mingi, amezifunga kwa kamba kwa miezi. Nyingi walizichoma wenyewe jikoni, usiku, kidogo kidogo ili bomba lisitoe moshi mwingi, kwa sababu kukutwa nazo ilikuwa hatari. Chache baba alizitia ndani ya mtungi wa udongo wa kusindikia matango, akauziba na kuuzika chini ya kibanda cha bustani yao. Watu wa Leipzig wana bustani hizo nje ya mtaa, vipande vidogo vilivyopangwa kwa uzio, kila familia na kibanda chake na miti yake ya tufaha. Baba alifariki wakati wa vita. Walipoufukua mtungi baadaye, maji yalikuwa yameingia, na karibu nakala zote zilikuwa zimegandana kama ubao. Ilipona moja, iliyokuwa katikati.

Alinionyesha Jumamosi moja ya Februari. Iliwekwa katika droo ya vitambaa, ndani ya foronya. Karatasi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, pembe zimeliwa, na katikati duara kubwa la maji lililokauka. Nikainama kuisoma nikashindwa neno la kwanza. Zilikuwa herufi za zamani za Kijerumani, zenye kona na vikia, na herufi ya s ndani ya neno ina umbo la f isiyo na mkato. Mimi mtu wa chapa nikawa kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi akaniwekea kidole chake chini ya kila herufi, kidole chenye ukucha mweusi kwa makaa, tukasoma pamoja tangazo la mkutano wa chama cha waimbaji wa Lindenau. Nililipenda lile tangazo. Herufi zilikuwa zimekaa sawa, nafasi kati ya maneno imepimwa na mtu aliyejua kazi yake. Nikamwambia Bibi hivyo. "Huenda alikuwa baba," akasema. Akairudisha karatasi katika foronya.

Vita vilipokaribia kwisha, Wamarekani waliingia Leipzig Aprili 1945, wakawaachia Warusi mwezi Julai. Tarehe 19 Mei 1946, muda mfupi baada ya vyama viwili vya wafanyakazi kuunganishwa kuwa SED, Leipziger Volkszeitung likatoka tena. Bibi alipanga foleni kulinunua. Jina lilikuwa lile lile la gazeti la baba yake. Miaka iliyofuata lilizidi kuwa sauti moja tu, ya juu, likasomwa na mamia ya maelfu ya watu ambao, kama yeye, walijua mahali pa kuanzia. Nikamuuliza kwa nini basi anaendelea kulilipia kila mwezi. Alinijibu kwa lafudhi yake ya Kisaksoni ambayo ilinichukua mwaka kuizoea: "Gazeti ni letu. Wao wameliazima tu."

Sasa nifike mwaka 1989, mwaka ambao kila mtu aliyekuwa Leipzig anausimulia.

Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, katikati ya mji, palikuwa na sala za amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni tangu 1982. Kiangazi kile watu walikuwa wakikimbilia Magharibi kupitia Hungaria, na kuanzia Septemba waliotoka kwenye sala hawakwenda nyumbani, waliandamana. Gazeti la mji liliandika kidogo sana juu yao, na hicho kidogo kilikuwa cha kuwatukana. Watu walipata habari za mtaa wao wenyewe kupitia televisheni ya Magharibi. Fikiria uchungu wake kwa mji ulioipa dunia gazeti la kila siku: mtu wa Lindenau anasubiri taarifa ya habari kutoka Hamburg ili ajue kilichotokea umbali wa vituo kumi vya tramu.

Kisha Ijumaa, tarehe 6 Oktoba, likachapishwa lile tangazo ambalo Leipzig haitalisahau. Lilikuwa na sura ya barua, limetolewa kwa jina la kamanda wa kikosi cha wanamgambo wa kiwandani, likisema kwamba wafanyakazi wamechoka na maadui wa nchi, na kwamba wako tayari kuwazuia moja kwa moja, ikibidi kwa silaha mkononi.

Nilifika kwa Bibi siku ya pili yake. Ilikuwa sikukuu, miaka arobaini ya nchi ile, bendera madirishani. Nikaweka ndoo chini. Gazeti la jana lilikuwa mezani, halikuwa ndani ya kapu. Lilikuwa limefunguliwa penye barua ile, na juu yake ameweka bakuli la sukari, kama anaogopa litapeperuka. Hakunipa kahawa kwanza. Alisimama dirishani ananipa mgongo, akasema: "Baba alilizika hili ili lisichomwe. Leo linataka kutuzika sisi."

Jumatatu, tarehe 9, sisi wanafunzi wa nje tulionywa tusishuke mjini. Ilisemwa mahospitali yameongeza damu. Ilisemwa vitanda vimeondolewa wagonjwa. Sikwenda. Nilikuwa mgeni, na pasipoti yangu ilikuwa mikononi mwa watu wengine, na nilikuwa naogopa. Nililala na nguo. Aliyekwenda ni mjukuu wa Bibi, kijana wa rika langu, na yeye ndiye aliyetusimulia: jinsi vipaza sauti vya mji vilivyonguruma jioni ile kwa sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, akisoma wito wa watu sita, watatu kati yao viongozi wa chama mkoani, kuomba utulivu na kuahidi mazungumzo, jinsi watu elfu sabini walivyoizunguka barabara ya mzunguko wa mji, wakapita mbele ya jengo la polisi wa siri na mishumaa, na jinsi risasi haikulia hata moja. Alikuwa akisimulia huku anakula, hawezi kutulia, mkate unadondoka. Bibi alikuwa anamwokotea makombo.

Kilichofuata gazetini nilikiona kwa macho yangu, na ndicho hasa nilichotaka kukiandika. Katika wiki zilizofuata barua za wasomaji zilifurika. Zile kurasa ambazo zamani zilikuwa za kusifu mavuno na mipango zilijaa watu: muuguzi analalamikia dawa, baba anauliza kwa nini mto Pleiße unanuka hivyo mpaka ukafunikwa, wafanyakazi wanaikataa barua ya tarehe 6 kwamba haikusema kwa niaba yao. Mijadala ya Jumapili ndani ya ukumbi wa Gewandhaus ikawa inaelezwa. Asubuhi palikuwa na foleni mbele ya vibanda vya magazeti kabla hapajapambazuka, na ndani ya tramu ulikuwa huoni nyuso, unaona karatasi zilizofunguliwa tu, kila mtu kimya, tramu inayumba. Nimefanya kazi ya chapa maisha yangu yote. Sijapata kuona tena karatasi ikisomwa namna ile.

Na Bibi, Jumamosi moja ya Novemba, alilitoa gazeti, akalilaza mezani chali. Akavaa miwani, akaanza na ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa. Alisoma kwa saa moja na nusu. Mimi nilipandisha ndoo mbili, nikashuka nikapandisha ya tatu ambayo hakuiomba, kwa sababu sikutaka kumsemesha. Alipofika nyuma, kwenye tanzia, alizisoma pia zote, bila haraka. Jioni aliwasha jiko kwa kadibodi ya sanduku la viatu.

Mwanzoni mwa 1990 ule mstari uliolitaja kuwa chombo cha chama ukawa haupo tena chini ya jina. Mwaka uliofuata liliuzwa kwa makampuni mawili ya Magharibi, Axel Springer na Madsack, nusu kwa nusu, na tangu 2009 ni la Madsack peke yake. Hayo ya kuuzwa yalitokea nikiwa nimesharudi, na yana watu wake wa kuyasimulia.

Niliondoka mwisho wa Julai 1990, majuma machache baada ya pesa ya Magharibi kuingia. Bibi alinipa vikombe sita vya kahawa vyenye ukingo wa buluu nimpelekee mama, akavifunga kimoja kimoja kwa gazeti kwa mikono yake. Aliipekua mikunjo kwanza kuona kurasa gani zinatoka. Za barua za wasomaji alizirudisha kwenye meza.

Kikwajuni mama alivifungua akiwa ameketi mkekani, majirani wamejaa mlangoni. Vikombe vyote vilifika salama. Kila karatasi aliinyoosha kwa kiganja, akairundika, karatasi nzuri ile haitupwi. Akachukua moja, akanipa. "Haya, Mjerumani. Limesemaje?"

Ulikuwa ukurasa wa matangazo. Nikaanza kumtafsiria: huyu anauza Trabant, bei maelewano. Huyu naye Trabant. Huyu Wartburg, haraka. Huyu Trabant pamoja na tela la kupigia kambi.

"Wote wanauza magari?"

"Wote, mama."

"Kwani wanahama?"

Nikamwambia hapana, kisha nikasita, kwa sababu wengine kweli walikuwa wanahama. Mama hakungoja. Akaniuliza vifo vimeandikwa wapi. Nikageuza karatasi, nikaona tanzia chini, upande wa kushoto, imezungushiwa mstari mweusi. Nikamsomea: mzee wa miaka 84, aliyekuwa fundi wa reli, ameacha mke, watoto watatu na wajukuu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, shingo ameiinamisha kidogo upande, kama anavyosikiliza redio.

"Wanazika lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi. Jumanne ya wiki iliyopita."

"Basi wameshamzika," akasema. Akamwombea, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu na kuiweka juu ya nyingine.